Apu za bure za kuweka kwenye simu kabla hujapanda ndege, hasa kama unaenda Guangzhou

Swali la "nisafiri na apu gani" halina jibu moja, maana nchi unayoenda ndo inaamua, sio umaarufu wa apu yenyewe. WhatsApp ambayo hapa Bongo ndo kila kitu, ukitua China bara na kuweka laini ya kule haitumi wala haipokei. Ukienda Dubai meseji zinaenda ila kupiga simu inagoma. Ukienda Istanbul inapiga freshi tu.

Kwa hiyo hapa nachukua safari ya Guangzhou, kule China, ndo niizungumzie kwa kirefu, kwanza kwa sababu ndo safari ya watu wengi wa Kariakoo, na pili kwa upande wa simu ndo safari ngumu kuliko zote. Ukiweza kuipanga simu yako ikafanya kazi Xiaobei na Sanyuanli, mitaa ya huko Guangzhou, sehemu nyingine utaona mteremko. Mwishoni nitagusa Dubai na Istanbul haraka haraka. Apu zote ninazotaja kuziweka ni bure, hela unayotoa ni ya bando na ya huduma unayonunua humo ndani kama teksi au tiketi ya treni.

Anza kwa kuzima data

Kabla sijataja apu hata moja fanya hivi leo jioni ukiwa umekaa sebuleni. Zima data, zima Wi-Fi, alafu jifanye ndo umetua. Itafute kopi ya pasipoti na viza. Itafute anwani ya hoteli kwa maandishi ya kichina. Itafute namba ya mwenyeji au ajenti wako. Fungua ramani uone kama inakuonyesha chochote zaidi ya ukurasa mweupe, tafsiri sentensi moja. Kila kitakachogoma ndo kazi yako ya wiki hii, na kwa simu nyingi vitagoma karibu vyote.

Pale Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, ukishatoka uhamiaji huwa hukosi kumuona mtu kasimama pembeni ya nguzo, begi kalibana katikati ya miguu, simu anainyanyua juu kama anatafuta netiweki. Anwani ya hoteli alitumiwa kwa WhatsApp kama picha, akasema nitaifungua nikifika, sasa picha imekaa na ukungu wake na kile kiduara kinazunguka tu. Picha ile ile angeisevu kwenye galari juzi akiwa nyumbani angekuwa kashaingia kwenye teksi zamani. Kwa hiyo sheria ya kwanza, vitu muhimu vikae kwenye simu yenyewe, kwenye galari na kwenye kontakti za kawaida. Google Drive usiitegemee, nayo iko upande wa vilivyofungiwa.

Intaneti yenyewe

China bara wamefungia Google yote, yani Gmail, Ramani, Tafsiri na Play Store, alafu WhatsApp, Facebook, Instagram, YouTube na X. Hong Kong hazijafungwa, ndo maana mtu aliyepitia Hong Kong anaweza kukubishia kabisa kwamba mbona kwangu zilifanya kazi.

Ukinunua laini ya kichina, au ukitumia Wi-Fi ya hotelini, unaingia ndani ya huo ukuta. Ukitumia romingi ya laini yako ya nyumbani, au eSIM za wasafiri (laini isiyo na kadi, inawekwa ndani ya simu kwa intaneti), data inazungushwa kupitia nje ya China bara, kwa hiyo WhatsApp na Google kwa kawaida zinafunguka kama uko Sinza. Romingi ya mtandao wako piga huduma kwa wateja uulize bei kabla, usije ukaiacha data imewashwa bila bando ukashangaa salio limekwenda wapi. eSIM unainunua kwenye apu kama Airalo, apu bure, bando ndo unalipia, na unaiweka kabisa ukiwa nyumbani kwenye Wi-Fi nzuri.

Sasa sio kila simu ina eSIM. Bonyeza *#06# kama unapiga simu, zitatokea namba za IMEI, yani za utambulisho wa simu, na kama simu yako inakubali eSIM itatokea pia namba ndefu imeandikwa EID. Haipo, basi usihangaike. Na wale wa iPhone za mtumba angalieni vizuri, nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la China bara zina sehemu mbili za laini za kawaida na eSIM hazina kabisa, muuzaji anaweza asikwambie kwa sababu hata yeye hajui. Ukiwa umebonyeza hiyo *#06# piga skrinishoti ya IMEI umtumie mtu wa nyumbani, simu ikipotea utaihitaji.

VPN, zile apu za kuruka huo ukuta, najua utaulizia. Wapo wanaozitumia, ila kisheria kule VPN isiyo na kibali ni kosa, inakatika katika ovyo, na ukisahau kuiweka nyumbani kule Play Store haifunguki uishushe. Mimi safari ya biashara siwezi kuijenga juu ya VPN.

Hela: Alipay kwanza

Guangzhou hata muuza embe la kukatwa ana karatasi ya QR. Noti wanapokea, na sheria inawataka wapokee, ila chenji utaisubiri huku mtu anakukunjia uso. Kwa hiyo Alipay ndo apu ya kwanza kwa mgeni, kabla hata ya WeChat, kwa sababu kujiunga ni rahisi zaidi.

Unashusha Alipay, unajisajili na namba yako ya +255 au +254, inakuja kodi (namba ya uthibitisho) kwa SMS, unaingia. Alafu unaweka taarifa za pasipoti na kupiga picha ya ukurasa wenye sura yako, kisha unaongeza kadi ya benki, Visa au Mastercard. Hapa ndo watu wanakwama, maana benki nyingi zinatuma kodi ya uthibitisho kwenye laini yako ya nyumbani, kwa hiyo fanya hili zoezi lote ukiwa nyumbani na laini iko kwenye simu. Na kabla ya hapo nenda benki au wapigie, waambie unasafiri China na unataka kadi ikubali malipo ya mtandaoni ya nje. Kadi ikikataliwa na Alipay ukiwa Dar unajaribu kadi nyingine, ikikataliwa ukiwa dukani na mzigo uko kaunta hapo kimbembe.

Makato yako hivi: malipo ya yuani 200 kushuka chini Alipay haikati kitu kwa kadi ya nje, ikizidi 200 inakata asilimia 3. Yani ukilipa yuani 1,000 kwa mpigo zinaongezeka 30, na benki yako nayo inaweza kuwa na chake cha kubadilisha hela. Tangu 2024 kiwango cha mgeni kwa muamala mmoja kimepanda kutoka dola 1,000 hadi dola 5,000, na kwa mwaka kutoka 10,000 hadi 50,000. Ila usidanganyike ukaenda kulipia kontena kwa Alipay. Hii ni ya chakula, teksi, hoteli, sampo, vitu vidogo. Malipo makubwa ya kiwandani yana njia zake za benki.

Kulipa kuna namna mbili, ama wewe unaskani QR ya duka ukaandika kiasi mwenyewe, au unafungua QR yako muuzaji anaiskani na mashine. Kadi ya nje inalipa biashara, haimtumii hela mtu binafsi, kwa hiyo yule mama wa mahindi ambaye QR yake ni ya jina lake mwenyewe inaweza ikagoma. Kwa ajili yake tembea na noti ndogo ndogo, za 10 na 20.

WeChat

WeChat nayo unaweza kuunganisha kadi ukalipia, ila kazi yake kubwa kwa mfanyabiashara ni mawasiliano. Kule hakuna kupeana kadi ya biashara wala "nitakutafuta WhatsApp", ukimaliza kuongea na muuzaji anakugeuzia simu uskani, mnakuwa marafiki, kuanzia hapo picha za mzigo mpya zinakufuata mpaka Kariakoo.

Tatizo la WeChat ni kufungua akaunti. Mara nyingi ikiona akaunti mpya inataka mtu mwingine mwenye akaunti ya siku nyingi akuskani kukuthibitisha, na huyo mtu akiwa kashathibitisha wengine hivi karibuni hawezi kukusaidia tena kwa muda. Kwa hiyo hili usilifanye usiku wa kuamkia safari. Mtafute mtu wa Kariakoo anayeagiza mzigo, mkae pamoja, akuskani, dakika chache mmemaliza. Akaunti ikishafunguka usianze siku hiyo hiyo kuwaongeza watu mfululizo na kutuma matangazo, akaunti changa ikiwa na vurugu inafungiwa na kuifungua tena ni safari nyingine.

Ndani ya WeChat kuna kitu watu wengi hawakitumii. Muuzaji akikuandikia kichina, bonyeza ile meseji kwa kuishikilia, inatokea sehemu ya kutafsiri. Nayo inafanya kazi kwa intaneti ya kichina bila shida. Kwa wale ambao kiingereza kinapanda hapo umemaliza, huhitaji kuhama hama apu.

Na kila unayemuongeza mbadilishie jina papo hapo ukiwa bado umesimama dukani kwake: "viatu vya watoto Zhanxi ghorofa ya 2 duka 215", na picha ya bango la duka. Usipofanya hivyo ukirudi nyumbani una watu arobaini wote majina ya kichina na picha za maua, humjui wa mikoba wala wa vioo vya simu.

Kutafsiri

Google Translate ishushe na lugha zake kabisa ukiwa nyumbani: kichina kilichorahisishwa, kiingereza na kiswahili. Unaingia kwenye setingi za apu, sehemu ya lugha za kushusha, unabonyeza kimshale. Google waliiondoa huduma yao ya tafsiri China bara mwaka 2022, kwa hiyo kwa laini ya kichina bila hizo lugha ulizoshusha apu inabaki pambo. Weka na Microsoft Translator kama akiba. Alipay nayo ina sehemu ya kutafsiri ndani yake.

Kamera ndo inasaidia kuliko vyote, unaielekeza kwenye menyu, kwenye lebo ya boksi, kwenye tangazo la lifti, maneno yanageuka hapo hapo. Sio tafsiri nzuri sana, kuna siku inakupa jina la chakula ukaogopa kuagiza, ila kujua kama kuna nyama ya nguruwe inatosha. Ukiwa Xiaobei kwa hilo huna shida, migahawa ya halali ipo mingi.

Tatizo kubwa sio apu, ni sisi tunavyoongea nayo. Mtu anaishika simu anaiambia "bosi hebu niangalizie kama zile za juzi ila zisiwe na mng'ao sana afu unifanyie bei ya kueleweka", kinachotoka upande wa pili hakuna mchina wala mtu yeyote duniani atakayekielewa. Yule dada wa dukani anakuangalia, anacheka, anakupa kalkuleta. Andika hivi:

"Nataka jozi 200. Namba 38 mpaka 42. Rangi nyeusi na kahawia. Bei ya jozi moja ni ngapi? Mzigo utakuwa tayari lini?"

Sentensi fupi, kila moja jambo moja, nukta. Usitumie "zile", "hivyo", "ya juzi", onyesha picha badala yake. Ukishapata tafsiri igeuze, yani kile kichina kilichotoka kiingize upya kirudi kwenye kiswahili au kiingereza uone kimerudi na maana gani. Kikirudi vingine, badilisha maneno. Ukiona kiswahili kwenda kichina kinakorofisha na kiingereza unakimudu, pitia kiingereza, kwa uzoefu wangu mambo ya saizi na tarehe yanatoka safi zaidi. Na namba, hasa bei na idadi, usiziache kwenye sauti, ziandike kwenye kalkuleta umuonyeshe, alafu mwisho mwandikie mlichokubaliana kwenye WeChat. Hiyo meseji ndo risiti yako mzigo ukija na rangi nyingine.

Ramani

Google Maps kule hata ukiipata kwa romingi inakupoteza. China wanatumia vipimo vyao vya ramani vinavyoitwa GCJ-02, vimesogezwa kidogo makusudi, kwa hiyo ile nukta ya bluu na barabara vinaweza kuachana kwa mamia ya mita. Unaambiwa geti liko hapa na hapa ni ukuta.

Mwenye iPhone atumie ramani ya Apple, kule inachukua data za Amap na inasomeka kwa kiingereza. Mwenye Android aweke Amap yenyewe, siku hizi nayo ina kiingereza. Alafu weka Organic Maps, hii naipenda kuliko zote, haina matangazo wala haikuombi ujisajili, unashusha mkoa mzima wa Guangdong ukiwa nyumbani, GPS ya simu haihitaji intaneti, kwa hiyo unatembea na data imezimwa na bado inakuonyesha njia ya mguu. Maduka mapya mapya haina sana, ila hoteli, stesheni na barabara zipo. Ukifika hoteli cha kwanza weka alama pale ulipo uiite "nyumbani".

Anwani ya hoteli iwe na kichina, sio ile ya kizungu iliyoko kwenye bukingi. Dereva wa teksi wa umri mkubwa maandishi ya kilatini hayamsaidii. Omba hoteli wakutumie anwani na namba ya simu kwa kichina, piga skrinishoti, na mapokezi chukua kile kikadi chao upige picha pia.

Teksi, metro, treni

Didi, ya kuitia teksi, ipo ndani ya Alipay, huna haja ya kuishusha peke yake. Unaandika unapokwenda kwa kiingereza, meseji kati yako na dereva zinajitafsiri. Dereva anaweza kukupigia, usihofu, mwandikie tu uko wapi na utume picha ya mlango uliosimama. Ukiingia kwenye gari atakuuliza kitu kwa kichina, mara nyingi anataka tarakimu nne za mwisho za namba yako ya simu kuhakikisha ni wewe. Ziandike kwa ukubwa kwenye simu umuonyeshe.

Metro ndo usafiri wa mwenye akili, nauli inaanzia yuani 2 na haina foleni ya barabarani. Alipay inaweza kukutolea QR ya kupitia getini, ikikusumbua mashine za stesheni zinapokea noti zinakupa kitu kama kishikizo cha plastiki, unakigusisha kuingia na kukitumbukiza ukitoka. Kutoka Xiaobei kwenda Sanyuanli ni stesheni mbili tu, unapanda laini ya 5 kituo kimoja hadi stesheni ya treni ya Guangzhou, unabadilisha laini ya 2 kituo kimoja. Watu wanalipa teksi kila siku kwa safari hiyo. Maonyesho ya Canton Fair ni Pazhou, laini ya 8, na siku zile za masika na za Oktoba hadi Novemba hoteli na teksi vinapanda.

Kama unaendelea Yiwu, mji mwingine wa masoko ya jumla, apu ya 12306 ndo ya reli wenyewe, ina kiingereza, tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla na zinafungwa kwenye namba ya pasipoti, hakuna karatasi. Kujisajili kwa pasipoti kunachukua muda wa kuhakikiwa, kwa hiyo nayo ifanye mapema. Ikikushinda tumia Trip.com.

Sokoni

Hapa kuna apu moja nitaisisitiza, 1688. Ni ya kundi la Alibaba, soko la jumla la wachina wenyewe kwa wenyewe, imeandikwa kichina chote ila huhitaji kusoma. Ina alama ya kamera, unapiga picha ya kiatu au feni unayoitaka, inakuletea viwanda na maduka yanayouza kitu kile kile au kinachofanana na bei zake kwa yuani. Ifanye kabla hujaanza kubembeleza bei. Bei ya 1688 sio lazima uipate, ubora unaweza kuwa tofauti na kuna idadi ya chini ya kununua, ila ukijua kitu kinazunguka yuani 18 mtu hawezi kukuanzia 60 ukaona umepambana sana kumshusha hadi 40.

XE ya kubadilisha hela iwe imewekwa yuani, dola na shilingi. Ukiifungua asubuhi ukiwa na intaneti inabaki na viwango vya mwisho siku nzima hata bila data. Kiwango chake ni cha soko, wa kubadilisha fedha hatakupa hicho hicho, punguza kidogo kichwani.

Na CBM, yani mita za ujazo za mzigo, hii haihitaji apu ya maana, kalkuleta ya simu inatosha. Boksi lenye urefu wa sentimita 60, upana 50, kimo 40, ni 0.6 mara 0.5 mara 0.4, sawa na 0.12. Maboksi 25 ni CBM 3. Piga picha kila boksi likiwa na futi kamba juu yake kabla halijaenda kwa wakala wa mizigo, vipimo vikija tofauti una cha kuonyesha.

Ndege na saa

Apu ya shirika lako la ndege iweke, iwe Ethiopian au Qatar au lingine, geti likibadilika inakwambia kabla ya spika. Flightradar24 ya bure inatosha kabisa, unaangalia ndege itakayokubeba iko wapi sasahivi, kama bado iko nchi nyingine unajua kabisa mtachelewa.

Tarehe kwenye tiketi ndo inaumiza watu. Imeandikwa 00:45 tarehe 12, hiyo ni saa sita na dakika arobaini na tano usiku, unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 11. Ukilala tarehe 11 ukaamka kufunga begi tarehe 12 ndege imeenda. Weka kengele mbili. China wako mbele yetu masaa matano, ongeza saa ya Guangzhou kwenye apu ya saa ili usimpigie ajenti saa tisa ya usiku wake.

Usalama wa akaunti

Laini ya nyumbani usiitoe ukaiacha kabatini. Ukiweka laini nyingine, WhatsApp inaweza kukuuliza kama unataka kubadilisha namba, jibu hapana, itaendelea na namba ya zamani. Gmail ikikuona unaingia kutoka nchi ngeni itataka uthibitisho, kwa hiyo kabla ya safari ingia kwenye akaunti ya Google uchukue kodi za akiba, zinakuwa kumi na kila moja inatumika mara moja, ziandike kwenye karatasi ya pochi. Google Authenticator nayo inafanya kazi bila intaneti wala SMS.

Alafu neno "bure". Apu nyingi za kutafsiri na za VPN zinakupa siku chache za majaribio, unaweka kadi, siku zikiisha zinakata hela. Kufuta apu hakusimamishi makato, lazima uingie sehemu ya usajili kwenye Play Store au App Store uufute huko. Yoyote inayotaka kadi ya benki kabla haijakufanyia kitu mimi naitoa. Angalia pia jina la mtengenezaji kabla ya kushusha, apu za kuigiza za viza na za mashirika ya ndege zipo.

Dubai na Istanbul

Dubai simu za WhatsApp za sauti na video zimezuiwa, watu wengi wanatumia Botim, mwambie na wa nyumbani aiweke kabla hujaondoka maana kumfundisha mama kuishusha kwa meseji ni kazi. VPN za kufungulia simu usizichezee, sheria ya Imarati ina faini inayoanzia dirhamu 500,000 kwa anayetumia VPN kufanya kosa. Teksi ni Careem. Google Maps inafanya kazi, shusha eneo la jiji mapema, ila kumbuka bila intaneti inakupa njia ya gari tu, ya miguu hapana, kwa hiyo Organic Maps inarudi tena.

Istanbul, kwa wale wa masoko ya Laleli na Merter, tumia BiTaksi au Uber, zote zinakuitia teksi za kule kule ila njia inabaki imeandikwa kwenye simu, dereva akizunguka unaona. Google Translate iongeze kituruki.

Pawabenki

Apu zote hizo zinakula chaji, hasa ramani na kamera, kwa hiyo pawabenki utabeba tu. Inakaa begi la mkononi, kwenye begi la kuchekiwa hairuhusiwi. Kikomo cha kawaida bila kibali ni 100Wh, ya mAh 20,000 ni kama 74Wh hivyo inapita, ila iwe na maandishi yanayosomeka, iliyofutika wanaitupa. Na tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani ya China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya kichina, nyingi tunazonunua huku hazina. Kama una ndege ya kutoka Guangzhou kwenda Yiwu, yako ya nyumbani iache hotelini au kwa mwenyeji ununue nyingine kule, au panda treni. Soketi zao pia sio zetu za pini tatu nene, beba adapta.